Nilisoma kitabu changu kuhusu marehemu mke wangu kwa bookshop Thika, dada yake akasema huyo mwanamke hamjui

Wakuu, habari zenu popote mlipo. Miaka mingi nimekuwa humu kama msomaji tu. Nasoma nyuzi zenu, nacheka peke yangu, nazima simu nalala. Leo nimeamua kuandika yangu.

Ninachosimulia kilinipata mimi mwenyewe, si rafiki ya rafiki. Bookshop sitaitaja na watu nimewabadilishia majina. Mengine yote ni vile yalivyokuwa, na pale nimesahau nitawaambia nimesahau.

Naandika nikiwa lunch break. Mkiona nimekatika ghafla mjue supervisor amepita.

Niiteni Kariuki. Ni storekeeper kwa kiwanda kimoja Thika, naishi Ruiru. Niko ile umri vijana wananiita mzee na wazee wananiita kijana.

Mke wangu, Nyambura, alifariki mwaka juzi. Figo. Tuliishi na huo ugonjwa zaidi ya miaka miwili. Dialysis mara mbili kwa wiki, na mimi ndiye nilikuwa nampeleka, namsubiri, namrudisha nyumbani. Mungu hakutujalia watoto, kwa hivyo tulikuwa sisi wawili, halafu nikabaki mimi.

Sijui niwaelezeje hiyo life kwa mtu ambaye hajaiishi. Una nyumba ya bedroom mbili na unatumia kona moja ya sofa. Unanunua pakiti ya maziwa ile ndogo kabisa na bado inaganda kabla uimalize. Kazi ikiisha wenzako wanakimbia nyumbani, wewe unaingia supermarket pale Ruiru unasukuma trolley tupu, unasoma bei ya vitu ambavyo huna haja navyo, mpaka watchman anaanza kukufuata na macho.

Majirani wakiniuliza habari nilikuwa bado nawajibu, "Tuko sawa."

Tuko. Na hakuna aliyewahi kunirekebisha.

Hapo ndipo nilianza kuandika. Si eti najua kuandika. Nilikuwa naandika kwa simu, nikingoja chai ichemke, nikiwa kwa queue ya benki, popote. Niliandika vile tulikuwa tunaamka kukiwa bado na giza kwenda hospitali. Vile nurse alikuwa anatafuta mshipa kwa ule mkono uliojaa alama. Vile Nyambura alikuwa anapenda kiti cha karibu na dirisha, na akishaunganishwa kwa mashine ananiambia nisikunje uso kama mtu amenyimwa likizo.

Niliandika mpaka ikawa kitabu. Nikatafuta jamaa wa kuchapisha pale mjini, akanitolea boksi chache. Nikakiita *Kiti cha Dirishani*.

Ndugu yangu mkubwa akaniuliza nitamuuzia nani. Hiyo kusema kweli nilikuwa sijaifikiria.

Sasa kuna bookshop moja Thika, iko juu ya agrovet, duka la dawa na chakula cha mifugo, ukipanda ngazi unasikia harufu ya dairy meal mpaka mlangoni. Mwenyewe ni mama anaitwa Njoki, zamani alikuwa anasimamia library ya shule. Nilipeleka copies zangu nikijua atanifukuza kwa heshima.

Alisoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama. Akafungua wa pili. Halafu akaniambia ana wiki ya waandishi inakuja, Jumatatu hadi Ijumaa, kila jioni mwandishi mmoja, na Ijumaa haina mtu.

"Utachukua?"

"Mimi si mwandishi."

"Na hiki ni nini?" akasema, akanyanyua kitabu.

Ndivyo nikapata Ijumaa.

Kabla niendelee, kuna kitu lazima mjue, la sivyo hamtaelewa mbele.

Nyambura alikuwa na dada mmoja tu, Wairimu, mkubwa wake. Wazazi wao walishaenda. Wairimu anaishi Kiganjo, pale pale Thika. Kutoka kwake hadi hospitali tuliyokuwa tunaenda si safari ya kubebea chakula. Na kwa hiyo miaka yote, miaka miwili na zaidi, Wairimu alikuja hospitali mara moja tu. Nilirudi kutoka dukani nikamkuta amesimama, akashika mguu wa dada yake juu ya shuka, akaenda. Hakurudi tena.

Sikuwahi kumuuliza. Nyambura nilimuuliza mara moja, akaniambia niachane na mambo ya watu wa kwao. Nikaachana nayo mdomoni. Moyoni sikuachana nayo.

Siku ya mazishi nilimsalimia Wairimu kama unavyosalimia mtu wa serikali. Baada ya hapo, kimya. Kitu kilichobaki kati yetu ni group ya WhatsApp ya familia yao ambayo hakuna mtu alikumbuka kunitoa.

Basi nikatuma poster. Group ya kanisa, group ya majirani wa plot, group ya kazi, na nikiwa bado na hiyo moto nikatuma hadi kwa group ya wakwe. Za kanisa zikajibiwa na zile mikono za kuomba. Kwa wakwe ikasomwa. Blue ticks, basi.

Nikaamua nitahudhuria wiki yote. Nilijiambia ni heshima kwa waandishi wenzangu. Ukweli ni kwamba kulikuwa na viti, chai, na watu wanaongea, na mimi sikuwa na mahali pengine pa kuwa.

Jumatatu ilikuwa ya dada mmoja anayeandikia watoto. Nilifika nikitoka kazi nikapata shule nzima imekaa chini kwa carpet. Nikasimama nyuma karibu na shelf ya revision. Walicheka sana hao watoto. Mimi nilikuwa nawaangalia na kuangalia saa, si kwa sababu ninachelewa, ni mazoea tu ya hospitali.

Wakati natoka Njoki aliniita kwa counter. "Leo mchana kuna mama amenunua chako."

"Mama gani?"

"Hakusema jina. Alilipa, akakiweka kwa mkoba, akaenda."

Wakuu, hiyo jioni sikupitia supermarket. Nilienda moja kwa moja nyumbani nikaketi nikifikiria kuhusu huyo mama. Anasoma saa hii? Amefika wapi? Kwamba kuna mtu mahali yuko na Nyambura kwa mikono yake. Ilikuwa kama mtu amepiga simu.

Jumanne ilikuwa ya pastor aliyeandika kitabu cha ndoa. Huyo alijaza. Couples hadi kwa ngazi. Nilikuwa nimefika mapema nikakalia kiti cha katikati, nikajikuta nimezungukwa na wawili wawili kila upande, na siwezi kutoka bila kusumbua row nzima.

Katikati ya maneno yake pastor akasema kila mtu ashike mkono wa mwenzake.

Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya goti, wa kushoto juu ya goti. Nikaiangalia kama ni ya mtu mwingine.

Njoki aliniona kutoka kule mbele. Akapita katikati ya watu na chai, vikombe viwili, akanipa kimoja kila mkono. Nikakaa na hivyo vikombe mpaka maombi yakaisha, vikiniunguza, na sijawahi kushukuru chai kama hiyo.

Jumatano ilikuwa ya mwanafunzi wa chuo anayetunga mashairi ya Sheng. Nusu sikuelewa. Alikuja na marafiki wengi, wanapiga makofi na wanarekodi. Walikuwa vijana wazuri. Msichana mmoja akaniuliza, "Mzee, wewe unasoma siku gani?"

Nikamwambia Ijumaa.

"Tutakam. Si ndio, guys? Tumkujie mzee." Wote wakasema watakuja. Wakaniuliza kitabu ni cha nini, nikawaambia ni cha mke wangu, wakasema aww.

Niseme tu mapema, hawakukuja. Siwalaumu. Mimi nikiwa rika yao niliahidi watu vitu vingi kuliko hivyo.

Alhamisi mvua ilinyesha ile ya kufunga Thika yote. Mwandishi wa siku hiyo alikuwa anatoka upande wa Nyeri, akapiga simu gari imeharibika njiani. Hakuna mtu mwingine aliyekuja. Tukabaki mimi na Njoki na viti vimepangwa.

Tulikaa tu. Maji yalikuwa yanaingia kupitia dirisha moja, akaweka besheni. Akaniambia wakati alianza hiyo biashara alidhani shida itakuwa vitabu kukosa kununuliwa, kumbe shida ni jioni kama hizi, umepanga viti halafu unavipangua wewe mwenyewe.

Halafu akaniuliza, "Kesho utakuwa na watu?"

"Wengi," nikasema. "Kanisa, kazini, hadi wakwe."

"Walisema watakuja?"

Nikasogeza besheni na mguu. "Waliona message."

Akaitikia na kichwa. Tukapangua viti pamoja.

Ijumaa niliomba off ya nusu siku. Nikanyoa, nikavaa koti. Mapema sana. Sikutaka kukaa kwa bookshop kama mtu anangoja matokeo, kwa hivyo nikashuka hadi upande wa maporomoko ya Chania, nikatafuta pahali kuna maji mengi na kelele, nikafungua kitabu nikafanya mazoezi ya kusoma kwa sauti. Hata mimi mwenyewe sikuwa naisikia sauti yangu vizuri kwa hayo maji. Lakini nilisoma chapter nzima bila kukwama, nikaona niko tayari.

Nikafika bookshop. Viti vimepangwa.

Alikuwepo Mutua, wa forklift kule kazini, na overall yake na harufu ya diesel, ametoka shift moja kwa moja. Kulikuwa na mama aliyekuja kununulia mtoto set book, Njoki akambembeleza akae kidogo. Kulikuwa na mzee mmoja anasoma gazeti, na sina uhakika hadi leo kama alijua kuna kitu kinaendelea. Na Njoki.

Kanisa, hakuna. Plot, hakuna.

Nilisimama, nikasalimia, nikafungua kitabu. Hapo mlango ukafunguka, na Wairimu akaingia.

Koti kubwa la brown, mkoba ameukumbatia. Amekonda. Akakaa kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango. Hakuniangalia.

Nilisoma. Nilikuwa nimechagua ile siku ambayo mashine ilisumbua na wakamtoa na kumuunganisha tena, na yeye badala ya kulalamika akaniuliza kama nimekula. Nilisoma vile alivyokuwa mpole. Vile alivyokuwa anavumilia. Vile hakuwahi kuinua sauti hata siku za mwisho. Mama wa set book alitoa leso. Mutua alikuwa anaangalia viatu vyake. Hata yule mzee alikunja gazeti.

Nilipomaliza walipiga makofi, yale ya watu wachache ambayo unasikia kila mkono. Njoki akasema kama kuna mtu ana swali.

Wairimu akainua mkono. Akasimama, akatoa kitabu kwa mkoba. Kilikuwa kimekunjwa kunjwa pembeni, kimesomwa. Hapo ndipo nikajua mama wa Jumatatu alikuwa nani.

"Mimi ni dada ya huyu anayesomwa," akasema. "Mkubwa wake. Nimesoma kitabu chote. Nimesoma mara mbili."

Akakifungua katikati.

"Kariuki, umeandika vizuri. Sijakuja kukuharibia. Lakini nimemtafuta Nyambura kila ukurasa na sijampata. Huyu mwanamke simjui. Huyu ni mgonjwa. Ni mgonjwa mzuri, ana adabu, anavumilia. Dada yangu hakuwa anavumilia. Alikuwa anaweza kukununia wiki nzima kwa sababu umemaliza sukari. Alikuwa mwongo, ule uongo wa kuchekesha, akikutana na mtu asiyemjua anampa jina lingine na kazi nyingine na watoto wanne. Alikuwa anaenda soko ya Makongeni kubargain kitu ambacho hataki, anamsumbua mtu mpaka bei inashuka, halafu anasema wacha nifikirie, anaondoka. Ilikuwa ni mchezo kwake. Hapa haiko. Hakuna mahali anakosea hata kidogo."

Akafunga kitabu.

"Mlikaa naye miaka mingi akiwa mzima. Hiyo uliipeleka wapi?"

Wakuu, ningewaambia kwamba nilimsikiliza na moyo safi ningekuwa nawadanganya. Damu ilipanda. Mbele yangu kulikuwa na mtu aliyeshika mguu wa dada yake mara moja, halafu amekuja kunifundisha mke wangu alikuwa nani. Na mbele ya watu. Jioni moja niliyopewa.

Nikamwambia, "Na wewe ulikuwa wapi? Hiyo miaka miwili nilikuwa namgeuza kitandani, ulikuwa wapi, Wairimu? Kiganjo ni mbali?"

Njoki hakuingilia, na namshukuru kwa hilo.

Wairimu alikaa chini kwanza. Alipoongea ilikuwa sauti ya chini, ikabidi nisonge karibu, nikaacha kile kimeza cha mbele.

"Alinikataza," akasema.

"Nani?"

"Nyambura. Ile siku nilikuja. Ulikuwa umeenda kununua maji. Aliniambia, usirudi hapa. Aliniambia, Kariuki ananiona hivi kila siku, na hata nikienda, akifunga macho ataniona tu hivi. Hiyo imeshaharibika, hakuna venye tutafanya. Wewe usinione. Nataka kubaki na mtu mmoja ambaye akinikumbuka ananikumbuka nikiwa mimi."

Alikuwa haangalii mtu.

"Nilikataa. Tulipigana na yeye, pale na mirija yake. Akaniapisha. Akasema nisikuambie, kwa sababu utaumia ukijua. Kwa hivyo tulikuwa tunaongea kwa simu, kila siku ukienda kazi. Kila siku, Kariuki. Watu wa kwetu wote wanajua mimi ni yule dada hakuja. Hata kwa mazishi ulinipa vidole tu, si mkono."

Sikukumbuka kumpa vidole. Lakini nilijua ni kweli.

Sasa kuna vitu viwili hapo na vyote vilinigonga mara moja, na hadi leo sijui ni kipi kiliniuma zaidi. Ya kwanza, kwamba huyu mwanamke nilimchukia bure. Ya pili, kwamba Nyambura alijua. Alijua itanipata hii. Alikaa kwa kile kiti akijua kwamba mimi ndiye nitabaki na picha mbaya, akanihurumia, akatafuta njia ya kujiokoa kidogo kwa mtu mwingine. Na mimi nikaenda nikaandika kitabu kizima kuonyesha kwamba alikuwa sahihi.

Nilisimama tu pale katikati ya viti. Yule mama wa set book alisimama polepole, akanigusa bega akipita, akaenda zake. Mutua akasema, "Storekeeper, tutaonana Monday," akaenda pia.

Wairimu akafunga vifungo vya koti. Mlangoni akageuka.

"Kuja nyumbani Jumapili," akasema. "Nikiwa nimepika au sijapika, wewe kuja."

Nilitoka hapo nikarudi Ruiru, na sikumbuki njia. Nakumbuka tu nilipofungua mlango kuna kitu kilinijia kutoka mbali sana.

Tulipokuwa tumeoana tu, hatuna kitu kwa nyumba, Nyambura alinipeleka kwa mafundi wa sofa hapa Ruiru. Akachagua seti moja ya maroon, akaanza bei. Fundi akakataa. Akaendelea. Fundi akatuletea viti tukae. Baadaye akatuma soda. Nyambura alimpigia hesabu ya mbao, ya sponji, ya kitambaa, hadi misumari, kwa sababu alikuwa anauza hardware na hizo bei anazijua. Jamaa mwishowe akachoka akasema haya, chukueni. Nyambura akamaliza soda, akamwambia wacha tufikirie.

Hatukuwa na hata nauli ya kufikisha hiyo sofa nyumbani. Tulitembea mpaka kona ndio akacheka, akanishika shati nyuma kwa sababu hawezi kusimama.

Miaka yote ya hospitali sikuwa nimekumbuka hiyo siku hata mara moja. Nilikaa chini kwa mlango, pale pale ndani, na viatu.

Jumapili nilienda Kiganjo baada ya kanisa. Alikuwa amepika. Mukimo na kuku, na chai. Mabinti zake walikuwa wametoka, tukakaa wawili.

Nilidhani ataniambia mambo ya Nyambura akiwa mdogo, na aliniambia baadaye, mengi, mengine sitayaweka hapa. Lakini kwanza yeye ndiye alikuwa na maswali. Alitaka kujua hospitali. Kila kitu ambacho hakuona. Nilidhani amesoma kwa kitabu, kumbe kuna vitu vidogo ambavyo sikuandika, na ndivyo alivyokuwa anavitaka.

"Alikuwa anasikia baridi?"

"Sana. Ile mashine inaleta baridi. Nilikuwa nambebea blanketi."

"Gani?"

"Ile ya kijani, nzito. Ina maua pembeni."

Akaweka kikombe chini. "Mimi ndiye nilimtumia hiyo. Nilimpea mtu wa boda amletee ukiwa kazi. Aliniambia ameiweka tu kabatini."

"Hakuiweka kabatini," nikamwambia. "Hakuna siku tulienda bila hiyo."

Wairimu hakulia kwa bookshop na hakulia siku ya mazishi, hiyo nakumbuka kwa sababu nilimshikia kinyongo. Alilia hapo, kwa blanketi. Nikamngoja. Kungoja ninajua.

Tulikaa hivyo hadi jioni, mimi nikimpa yangu na yeye akinipa yake. Kuna mambo hatukukubaliana. Yeye anasema Nyambura hakupenda kanisa, alikuwa anaenda kwa ajili ya kuimba. Mimi nasema alipenda. Tulibishana kidogo, na ilikuwa vizuri kubishana na mtu juu ya Nyambura. Nilikuwa sijabishana na mtu tangu aende.

Sasa wengine wenu mnangoja niseme upweke uliisha. Haukuisha. Naenda Kiganjo Jumapili zingine, si zote. Bado nanunua ile pakiti ndogo.

Na kuna kitu nitawaambia ambacho sijamwambia hata Wairimu. Imekuwa mbaya zaidi. Mwanzoni nilikuwa nimemzoea yule wa hospitali, na yule kwa kweli alikuwa amechoka, alitaka kupumzika, kwa hivyo hata kumkosa kulikuwa na namna yake ya amani. Kwamba amepumzika. Huyu mwingine, huyu mwongo, mwenye kununa, wa soda ya fundi, huyu hakuwa amechoka hata kidogo. Huyu ndiye nilioa. Na sikuwa nimeanza kumlilia. Nimeanza mwaka huu.

Njoki alinipigia juzi akaniuliza kama naweza kuongeza chapter tuchapishe tena. Nimemwambia si saa hii. Kuandika kulinifanya nihisi niko na yeye, na nilikuwa na nusu tu. Wacha kwanza nikae na hii nyingine bila kuigeuza kuwa kitabu.

Kile nimejifunza ni kidogo. Ukiuguza mtu muda mrefu, ugonjwa unafunika kila kitu kilichokuwa kabla, na hutajua kimefunikwa mpaka mtu mwingine aje akuambie. Tafuteni hao watu mapema. Na yule wa familia ambaye hakuonekana hospitali, kabla umpe vidole, muulize. Pengine ni moyo mgumu kweli. Pengine alikuwa ameshikilia kitu kwa niaba ya mgonjwa, na amekishikilia peke yake muda wote huo.

Supervisor hajapita lakini king'ora kimelia, narudi store.

Kama kuna mtu wako uliyemuuguza akaenda, niachie hapa chini kitu kimoja alikuwa anafanya kabla augue. Si lazima kiwe kizuri. Cha kijinga ndio bora. Nitasoma zote jioni.